Betri za akiba kwenye treni za mjini zichaguliwe kwa siku ya umeme kukatika

Treni ya umeme ikikosa umeme katikati ya safari, haizimiki yote. Taa za dharura zinabaki zikiwaka, milango inafunguka, dereva anawasiliana na waongozaji kwa redio, na feni zinaendelea kusukuma hewa ndani ya behewa lililojaa watu. Kazi hiyo yote hufanywa na betri zilizofungwa kwenye sanduku, mara nyingi chini ya sakafu, mahali ambapo abiria hapaoni. Tangu 2024 Watanzania wanapanda treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na miongoni mwa vijana tunaowafundisha ufundi umeme hapa Arusha wamo watakaokabidhiwa betri hizo karakana. Wakaazi wa miji yetu nao, siku watakapopata treni zao za mjini, wana haki ya kujua kinachowalinda.

Betri hizo zina kazi nyingine ambayo watu wa nje ya reli hawaifikirii. Treni ikilala yadi, pantografu yake, yaani mkono wa juu ya paa unaogusa waya wa umeme, hushushwa. Kuiinua tena kunahitaji kompresa ndogo na saketi za udhibiti, na vyote hivyo hutegemea betri. Betri ikiisha usiku, asubuhi treni itasimama chini ya waya wenye umeme tele na isiweze kuufikia. Kwa hiyo betri iliyomaliza kazi ya dharura lazima ibaki na nguvu ya kuiamsha treni.

Hapa ndipo ununuzi mwingi unapoharibika, kwa sababu mnunuzi husoma namba ya ampia-saa, kipimo cha umeme unaoweza kuhifadhiwa, iliyoandikwa ubavuni mwa betri, akalinganisha bei. Tuchukue mfano. Treni nyingi hutumia betri za volti 110. Tuseme mzigo wa dharura ni kilowati 8 na unatakiwa kubebwa kwa dakika 45. Hiyo ni takribani ampia 73, na kwa dakika hizo 45 ni sawa na ampia-saa 55. Atakayenunua betri ya ampia-saa 60 ataona amebakiza akiba, lakini hesabu yake ni ya betri mpya iliyojaa kabisa. Betri huhesabiwa kuwa imezeeka ikibaki na asilimia 80 ya uwezo wake, nayo 55 ukiigawa kwa 0.8 unapata karibu 69. Chaja ya ndani ya treni mara nyingi haiijazi betri hadi mwisho. Ukikadiria asilimia 90, unafika 76. Ongeza nguvu ya kuinua pantografu, na ongeza pia kwamba volti zikishuka mzigo uleule huvuta ampia nyingi zaidi. Mimi nisingekubali chini ya 100.

Volti nazo zina mpaka wake. Kwa viwango vya kimataifa, vifaa vya kielektroniki vya volti 110 kwenye treni vinatakiwa kufanya kazi kuanzia volti 77 hadi 137.5. Seli 80 za nikeli-kadimiamu, mojawapo ya aina za betri za treni, kila moja ikiwa imeshuka hadi volti 1, zinatoa volti 80. Zimebaki volti 3 tu za kupotea njiani kwenye nyaya na viungio. Kiungio kimoja kilicholegea au chenye kutu kinaweza kuzima redio wakati betri yenyewe bado ina chaji.

Kuhusu aina, betri ya risasi na asidi ndiyo rahisi kwa bei na kila gereji ya Arusha inaifahamu. Udhaifu wake ni kwamba ikiachwa bila chaji kwa wiki kadhaa, bamba zake hushika salfa na uwezo haurudi wote. Ile ya risasi iliyofungwa isiyoongezwa maji, tunayoiita betri kavu, huogopa joto pia: kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha yake karibu nusu. Betri inayodumu vizuri Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, itachoka mapema ikihamishiwa Moshi, na mapema zaidi Dar es Salaam ndani ya sanduku linalopigwa na joto la breki na mota.

Lithiamu ni nyepesi, na uzito ni jambo kubwa kwenye treni inayosimama na kuondoka kila baada ya dakika chache. Ile ya chuma na fosfeti imetulia, yaani haishiki moto kirahisi, kuliko zenye kobalti. Hata hivyo ina bodi ya kielektroniki inayoilinda, na bodi hiyo ikiona hatari inaweza kuikata betri nzima dakika ileile abiria wanapoihitaji. Muuzaji aulizwe kwa maandishi: bodi ikiharibika, taa zinabaki? Seli moja ikiwaka, jirani zake zinawaka?

Kwa shirika linaloanza, mimi bado ningechagua nikeli-kadimiamu. Ni ghali kuliko ya risasi, na kadimiamu ni sumu, hivyo mkataba umlazimishe muuzaji kuzichukua zilizokufa. Lakini huvumilia kuishiwa chaji, hustahimili joto na mtikisiko, na kwa kawaida hupungua nguvu polepole, ikimpa fundi muda wa kugundua.

Fundi huyo lazima afundishwe upya. Kipima asidi cha gereji hakimwambii lolote kuhusu chaji ya nikeli-kadimiamu, kwa kuwa uzito wa maji yake haubadiliki sana betri inapojaa au kuisha. Njia ya kuaminika ni kuishusha chaji kwa mzigo unaojulikana, ukiandika volti za kila seli hadi mwisho. Jaribio hilo lifanywe kwa sampuli kabla ya kulipia shehena, kisha lirudiwe kwa ratiba maisha yote ya betri.

Faneli, bomba na chupa za maji zilizogusa betri za asidi zisiingie kabisa chumba cha nikeli-kadimiamu. Maji yake ni alkali, na asidi kidogo tu iliyobaki kwenye faneli huiharibu seli. Zipakwe rangi tofauti na zifungiwe kabati tofauti.