Damu Baada ya Kujifungua: Maswali Tunayoulizwa Wodini

Kutokwa damu kupita kiasi baada ya kujifungua ni nini?

Ni mama kupoteza nusu lita ya damu au zaidi ndani ya saa 24 tangu ajifungue. Mara nyingi mfuko wa uzazi umelegea, haukazi. Wakati mwingine kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani, au njia ya uzazi imechanika.

Bibi anasema hiyo ni damu chafu, iachwe itoke yote. Ni kweli?

Si kweli. Kwa heshima zote kwa mabibi zetu, si kweli. Damu inayochuruzika ni ile ile inayolisha moyo na ubongo. Mama mwenye afya njema anaweza kuishiwa nayo ndani ya saa chache akafa, huku waliomzunguka wakisema anasafishika.

Ipo damu ya kawaida ya uzazi: hutoka kidogo, hupungua siku hadi siku, rangi hufifia. Lakini pedi ikilowa chapachapa kabla ya saa moja kwisha, yakitoka mabonge makubwa, mama akiona kizunguzungu, akitoka jasho la baridi au moyo ukimwenda mbio, hiyo ni dharura. Hata dalili moja inatosha.

Juzi nilikuta wauguzi wodini wanacheza na mdoli. Ndiyo kazi hiyo?

Ndiyo kazi, tena kazi kubwa. Mkunga mmoja hujifunga mdoli tumboni, akawa mama anayejifungua. Ndani mna damu bandia na mfuko wa uzazi anaoweza kuulegeza au kuukaza. Ghafla anaufungulia, damu inamwagika, na wenzake wanatakiwa wafanye yote: kuita msaada, kukanda mfuko wa uzazi, kuchoma sindano ya oksitosini inayokaza mfuko wa uzazi, kuweka dripu, kukagua kondo, kupima presha. Wakikosea, wanarudia. Hakuna aliyekufa.

Tunarudia kwa sababu katika kituo kidogo damu nyingi namna hiyo haiji kila wiki, na mikono husahau. Semina ya mara moja kwa mwaka haitoshi. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hapo hapo kazini, na watu wale wale utakaoshirikiana nao usiku wa dharura, ndiyo yanayokaa kichwani.

Yamesaidia kweli?

Katika mikoa mitano ya Tanzania, yaani Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, vituo 30 viliungana kufanya mazoezi haya pamoja na vifaa bora vya uzazi na kufuatilia takwimu zao wenyewe. Kazi hiyo iliongozwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya kina mama katika vituo hivyo vilipungua kwa takriban asilimia 75. Wahudumu ni wa hapa hapa, na wagonjwa ni hawa hawa tunaowajua.

Basi nikijifungulia nyumbani, nikiona damu nyingi ndipo nije?

Jifungulie kituoni. Ukiwa kituoni, sindano ya oksitosini unachomwa mara tu mtoto anapotoka, kabla damu haijawa nyingi. Halafu usikimbilie kurudi nyumbani. Kaa saa 24, maana hizo ndizo za hatari zaidi.

Na kama tayari uko nyumbani damu ikaanza, njoo sasa hivi. Iko dawa ya kuzuia damu, asidi ya traneksamiki, inayookoa maisha ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua. Saa tatu zikipita, haisaidii tena. Mnatuletea mama saa ya sita, ameshakuwa baridi, kisha mnatuuliza mbona mliofundishwa mmeshindwa. Sisi tunafanya mazoezi ya kuokoa dakika. Ninyi mnazimaliza saa sebuleni.

Tukimkanda kwanza maji ya moto, tuone kama itakata?

Hapana. Maji ya moto hayakazi mfuko wa uzazi. Yanaunguza ngozi na kula muda. Wala msimpe dawa za miti. Usafiri ukitafutwa, mlazeni na kumfunika, msaidieni akojoe kwenye beseni, mwekeeni mtoto anyonye, na mmoja wenu asugue tumbo chini ya kitovu mpaka asikie mfuko umekaza. Haya yote ni ya njiani. Hayachukui nafasi ya kuja.

Mume yuko safarini. Tumsubiri atoe ruhusa?

Msimsubiri. Mpigieni simu mkiwa tayari kwenye gari. Wala msimsubiri mama mkwe, wala mtu wa kukusanya nauli. Na mwingine mwenye afya aje pamoja nanyi, achangie damu.