Gesi ya Friji Haiishi Yenyewe

Friji ikiacha kugandisha hapa Kisumu, neno la kwanza utakalosikia ni kwamba gesi imeisha. Jirani atalisema, muuza duka atalisema, na fundi uliyempigia simu atalisema kabla hajafika mlangoni. Sisi tunaofundisha ufundi wa majokofu tungependa lisemwe mwisho kabisa. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama ile ya mtungi wa kupikia. Imefungiwa ndani ya mabomba yaliyochomelewa na kazi yake ni kuzunguka tu: kompresa inaibana, koili ya nyuma inatoa joto lake nje, kisha inapanuka ndani ya koili ya baridi na kunyonya joto la chakula. Friji ya miaka 20 yaweza kuwa bado ina gesi iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna tundu mahali. Anayejaza bila kutafuta tundu hilo amekuuzia baridi ya muda, na atarudi kukuuzia nyingine.

Basi anza na stima. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani yake, na si mara moja watu wamebeba friji nzima kwa tuktuk kumbe fyuzi ndiyo iliyokatika. Taa ya ndani ikiwaka ukifungua mlango, stima imefika. Haina maana kwamba inatosha. Friji nyingi zinazouzwa Kenya zimeandikwa volti 220 hadi 240, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini, jioni kila mtu akipika na kupiga pasi, hupata pungufu ya hapo. Hapo kompresa hunguruma sekunde chache, halafu unasikia "tik", kimya. Dakika kadhaa baadaye, tena: mngurumo, tik, kimya.

Sauti hiyo isikilize vizuri, maana ina habari nyingi kuliko dalili nyingine yoyote. Ile tik ni ovalodi, kifaa kidogo kinachokata umeme kompresa inapovuta mkondo mkubwa bila kuzunguka. Sababu zake ni chache na zinaweza kupimwa moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni volti ndogo, na mita ya kawaida ya kupimia umeme inaionyesha kwenye soketi. Ya pili ni stima kupotea na kurudi papo hapo: shinikizo upande mmoja wa mabomba bado ni kubwa, kompresa haiwezi kulisukuma. Ndiyo maana kile kifaa cha kulinda friji kinachochomekwa kwenye soketi hungoja dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, na ndiyo maana usimruhusu mtu akipite kwa sababu "kinachelewesha". Ya tatu ni rilei, kifaa kidogo kinachoipa kompresa msukumo wa kuanza kuzunguka.

Rilei iko ubavuni mwa kompresa, chini nyuma ya friji, ndani ya kifuniko cha plastiki. Chomoa plagi ukutani kwanza. Kama pana kapasita, usiiguse. Inaweza kuwa bado imehifadhi umeme, mwachie fundi. Itoe rilei, uitikise karibu na sikio. Ikisikika vipande vinavyogongana, au ina harufu ya kuungua, kijiwe cha ndani kimepasuka. Ni kipuri cha bei ndogo sana, na friji nyingi zilizohukumiwa kifo cha kompresa zimefufuka kwa rilei mpya. Ukishaitoa utaona pini tatu za kompresa. Pima ukinzani kati ya kila jozi: namba kubwa kuliko zote inapaswa kuwa jumla ya zile mbili ndogo. Kisha pima kati ya kila pini na bomba la shaba. Mita isionyeshe mawasiliano yoyote. Vipimo hivyo vikiwa sawa, volti ziko sawa, rilei na ovalodi ni mpya na bado inafanya tik, hapo ndipo useme kompresa imekwama.

Kuna ugonjwa mwingine unaosingiziwa gesi, na huu ni wa zile friji zilizoandikwa No Frost mlangoni. Juu kunagandisha vizuri, chini maziwa yanachacha. Gesi ikipungua, freeza nayo ingelegea. Mara nyingi kilichotokea ni barafu kuziba koili iliyofichwa nyuma ya ukuta wa freeza, hivyo feni haiwezi kusukuma baridi kwenda chini. Friji hizi zina hita inayoyeyusha barafu hiyo kila baada ya saa kadhaa; ikikatika hita, au fyuzi yake ya joto, au taima au sensa inayoiamuru, barafu hujijenga kimya kimya. Jipimie mwenyewe: toa chakula, izime, acha milango wazi siku nzima, kisha iwashe. Ikifanya kazi vizuri siku chache halafu chini kukapata joto tena, tatizo liko kwenye uyeyushaji. Na fundi akikuambia ameiruka ile fyuzi ya joto kwa kuunganisha waya moja kwa moja, mwambie airudishe. Iko pale kuzuia hita isichome plastiki ya friji yako.

Raba ya mlango ipime kwa kufungia noti ya shilingi mia katikati. Ikichomoka bila ukinzani, hewa ya nje inaingia. Kwa unyevu wa kando ya ziwa, hewa hiyo huingia na maji, na maji huwa barafu. Maji yakituama chini ya droo ya mboga, kitundu cha kupitishia maji nyuma kimeziba. Maji ya uvuguvugu yatakizibua.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wa friji za mitumba hawalitaji. Kwenye kibandiko cha friji nyingi pana herufi za hali ya hewa: SN ni ya chumba cha nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Friji ya N kutoka Ulaya ikiwekwa chini ya mabati Kondele, karibu na jiko, mchana itafanya kazi bila kupumzika na bado isifikie baridi unayoitaka. Haina ubovu wowote. Isogeze mbali na ukuta, izungukwe na hewa, au uuze. Nakuru, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,800, kisa hugeuka: usiku wa baridi chumba kikishuka chini ya nyuzi 16, themostati, kifaa kinachoiwasha na kuizima kompresa kulingana na baridi, ikiwa sehemu ya chini hudhani kazi imekwisha, kompresa inalala, na nyama ya juu inaanza kulainika. Isitoshe, themostati za kapilari, yaani zile zenye kijibomba chembamba cha kupimia baridi, huchelewa kuzima kwenye mwinuko kwa kuwa hewa ya nje ni nyepesi. Ukibadilisha moja na sukuma wiki ikaanza kuganda, punguza namba kwanza kabla ya kuirudisha dukani.

Ikithibitika gesi imepungua kweli, kwa mfano koili ya baridi inashika barafu kipande kimoja tu huku kompresa ikizunguka bila kuzima, au pana alama ya mafuta kwenye kiungo cha bomba, hapo usiguse mwenyewe. Chanzo kinachojulikana sana ni kisu: mtu anachokoa barafu ya freeza na kutoboa alumini.

Soma kwanza gesi iliyoandikwa. R134a na R600a ndizo utakazokuta zaidi. R12 ni ya friji kuukuu, nayo ilipigwa marufuku chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R600a inawaka moto, ndiyo maana kompresa yake ina pembetatu ya manjano yenye mwali. Kiasi chake ni kidogo, mara nyingi hakifiki gramu 100, kwa hiyo hupimwa kwa mizani wala si kwa kukisia. Na kwa kuwa upande wake wa baridi hufanya kazi chini ya shinikizo la hewa ya kawaida, tundu la upande huo hunyonya hewa na unyevu kuingia ndani. Fundi asiyebadilisha filta na asiyevuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu hajatengeneza kitu. Anayetaka kuweka R134a kwenye kompresa ya R600a kwa sababu ndiyo aliyonayo, mkatalie: silinda ya kompresa hiyo ni kubwa zaidi, itazidiwa. Anayewasha tochi ya kuchomelea kabla ya kutoa R600a nje ya mabomba, mtoe yeye nje.

Sasa spea. Usiende dukani ukisema "nataka themostati ya Ramtons" au "feni ya LG". Piga picha kibandiko chenye namba kamili ya modeli, aghalabu kiko ukutani ndani karibu na droo ya mboga au nyuma kwa nje, kisha piga picha kipuri chenyewe pande zote. Vipuri vya friji za Samsung huwa na namba inayoanza na DA, na bodi za LG huanza na EBR. Namba hiyo ndiyo ya kununulia. Themostati ina namba yake mgongoni, kama K59, na urefu wa kapilari. Feni yaweza kuwa ya volti 240 au ya volti 12, na zinafanana kwa sura. Raba ya mlango pima kutoka mfereji hadi mfereji, si ukingo hadi ukingo. Ikifika imekunjamana, iloweke kwenye maji moto itanyooka. Kompresa ilingane kwa gesi, kwa nguvu, na iwe ya baridi kali, iliyoandikwa LBP. Kipuri kikikosekana Kisumu, maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi hutuma kwa basi. Watumie picha hizo kabla hujatuma pesa, na kipuri cha zamani usikitupe hadi kipya kifanye kazi.

Baada ya matengenezo, weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji, uiache usiku kucha. Asubuhi isome nyuzi 4 au karibu na hapo, na freeza nyuzi 18 chini ya sifuri. Salio la fundi lilipe baada ya kusoma.