Ruzuku za usonji Marekani: mabilioni yanayotajwa na kinachofika nyumbani

Tarehe 23 Desemba 2024, Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyorefusha kwa miaka mitano mipango ya serikali kuu ya Marekani kuhusu usonji. Kiasi kilichotajwa kilikaribia dola bilioni 2. Mzazi anayesoma habari kama hiyo, huku mwanawe wa miaka sita hajapata hata miadi kwa mtaalamu wa matamshi, ana swali moja tu: fungu letu liko wapi?

Ni swali la haki. Lakini jibu lake limefunikwa na maneno mengi yasiyo kweli, mengine ya matapeli, mengine ya watu wenye nia njema waliosikia nusu ya habari. Tuyafukue moja moja mpaka tulifikie.

"Sheria imepita, kwa hiyo pesa zipo"

Waswahili husema ahadi ni deni. Kwenye bajeti ya Marekani, ahadi ya namna hii si deni hata kidogo. Bunge la huko hupitisha matumizi kwa hatua mbili. Kwanza huja sheria ya idhini, inayosema kazi fulani ifanyike na kutaja kiasi kinachoweza kutumika. Halafu, mwaka baada ya mwaka, huja sheria ya bajeti, na hiyo ndiyo inayofungua mkoba. Kiasi cha pili kinaweza kuwa pungufu ya kile cha kwanza, na hapo hakuna sheria iliyovunjwa.

Zile dola karibu bilioni 2 ni za hatua ya kwanza. Sheria yenyewe ina historia yake: George W. Bush alitia saini ya mwanzo Desemba 2006, ikarefushwa 2011, 2014, 2019, na mwisho hiyo ya 2024. Muda wa ile ya 2019 uliisha tarehe 30 Septemba 2024, kwa hiyo kwa takriban miezi mitatu idhini hiyo ilikuwa imelala. NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya, zina mamlaka yao ya jumla ya kufadhili utafiti, hivyo hazisubiri sheria hii moja ili zifanye kazi.

Anayetaka kuona umbali kati ya idhini na fedha aangalie shule. Mwaka 1975 Bunge lilipitisha sheria ya elimu kwa watoto wenye ulemavu, ambayo leo inajulikana kama IDEA, na likajiwekea lengo kwamba serikali kuu itachangia, kwa kila mtoto wa aina hiyo, hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi. Nusu karne imepita, na lengo hilo halijafikiwa hata mwaka mmoja. Miaka ya karibuni mchango umekuwa chini ya asilimia 15. Pengo linazibwa na majimbo na wilaya za shule, na pasipozibwa, mtoto ndiye anayelihisi.

"Wanasiasa ndio wanaochagua nani apewe"

Kwa NIH, ambazo hutoa sehemu kubwa ya pesa za utafiti wa usonji (takriban dola milioni 300 kwa mwaka katika miaka ya karibuni), ombi la ruzuku husomwa kwanza na jopo la wanasayansi wasio waajiriwa wa ofisi inayotoa pesa. Ombi hupewa alama kuanzia 1 hadi 9, na tofauti na mitihani ya shuleni, 1 ndiyo bora. Kisha huja baraza la pili lenye wanasayansi na raia wa kawaida. Kwa miaka mingi ni ombi moja tu kati ya matano hivi lililofanikiwa, kwa hiyo watafiti wazuri hukataliwa kila msimu bila fitina ya mtu.

Ila tusijidanganye kwamba siasa haimo. Wanasiasa huamua ukubwa wa mfuko na mara nyingine huamua mada. Mwaka 2025 NIH zilitenga dola milioni 50 kwa mpango mmoja wa kuchambua data za usonji, na zikafadhili miradi 13. Mwaka huohuo ruzuku nyingi za nyanja mbalimbali zilifutwa katikati ya safari. Wengi hudhani ruzuku ya miaka mitano ni pesa za miaka mitano zilizokwisha kuwekwa benki. Sivyo. Kwa kawaida barua ya tuzo hutoa pesa za mwaka wa kwanza, na za miaka inayofuata hutegemea kama fedha zipo na kama kazi inakwenda.

"Mtafiti akipata ruzuku ametajirika"

Hapana. NIH zina kikomo cha mshahara unaoweza kulipwa kwa ruzuku. Kwa 2025 kilikuwa dola 225,700 kwa mwaka, hata kama chuo kinamlipa profesa zaidi. Na taasisi inayotumia dola milioni 1 au zaidi za serikali kuu kwa mwaka lazima ikaguliwe na mkaguzi wa nje. Kinacholeta ubishi zaidi ni gharama za pembeni, yaani umeme, jengo na uhasibu, ambazo chuo hulipwa juu ya gharama za utafiti wenyewe. Februari 2025 NIH zilitangaza kuzibana zisizidi asilimia 15, na mahakama ikazuia.

"Pesa zote zinakwenda kwenye huduma" (au kinyume chake: "zote zinatafuta tiba")

Kati ya hizi mbili, ya pili ina chembe ya ukweli, nayo inastahili kukaliwa.

Marekani ina kamati ya uratibu inayokutanisha idara za serikali na raia, wakiwemo kwa matakwa ya sheria watu wenye usonji wenyewe na wazazi. Kamati hiyo huchapisha hesabu ya utafiti wa usonji unaofadhiliwa na serikali na mashirika binafsi, ikiugawa kwa mada. Mwaka baada ya mwaka sura ni ileile: fungu nono kabisa ni la baiolojia, jinsi ubongo unavyofanya kazi, jeni, seli. Huduma hupata asilimia chache. Maisha ya watu wazima, yaani kazi, makazi, uzee, hupata chache zaidi.

Wanaotetea mgawo huu wana hoja. Utafiti wa maabara ni ghali, na bila kuuelewa mwili hutajua kwa nini mtu mmoja mwenye usonji ana kifafa na mwingine hana. Nakubali. Lakini mtoto hubaki mtoto kwa miaka 18 tu, kisha huwa mtu mzima kwa miaka 40, 50, pengine 60. Kuacha sehemu kubwa hivyo ya maisha ya mtu igawane makombo ya bajeti ni uamuzi, si ajali, na watu wazima wenye usonji wamelisema hilo waziwazi tangu zamani. Ni wao pia waliolilalamikia jina la sheria ya 2006, lililozungumzia "kupambana" na usonji kana kwamba ni jeshi la adui. Mwaka 2014 jina likabadilika, ikawa Sheria ya Autism CARES, na ile ya 2019 ikasisitiza umri wote wa mtu. Jina limetangulia, mgawo wa pesa unajikokota nyuma yake.

"Ni wizara ya afya peke yake"

Wengi hushangaa kusikia kwamba Wizara ya Ulinzi ilianzisha mpango wake wa utafiti wa usonji mwaka 2007. Wizara ya Sheria nayo hutoa ruzuku kwa polisi na mashirika ya kijamii kupitia Sheria ya Kevin na Avonte ya 2018, inayobeba majina ya wavulana wawili wenye usonji waliotangatanga kutoka walipokuwa wakaangamia. Pesa hizo hulipia mafunzo na vifaa vya kumtafuta mtu aliyepotea.

"Mtoto 1 kati ya 31: basi tumeshajua wako wangapi"

Takwimu hii ilitolewa na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa, Aprili 2025, na inatumika sana kuombea fedha. Ni ya kweli, lakini haisemi kile ambacho wengi wanaisemesha. Ilihesabu watoto wa miaka minane, mwaka 2022, katika maeneo 16 tu yaliyopewa fedha ili wahesabu. Maeneo hayo hayakuchaguliwa ili yawakilishe nchi nzima. Yaani hata hesabu yenyewe ni zao la ruzuku: pasipolipiwa, hapahesabiwi.

Na ndani ya hayo 16, tofauti ni kubwa ajabu. Laredo, Texas, ilikuwa na watoto 9.7 kwa kila 1,000. Eneo la California lilikuwa na 53.1. Hakuna sababu ya kuamini kwamba watoto wa California huzaliwa na usonji mara tano zaidi ya wa Laredo. Waandishi wa ripoti wenyewe walielekeza kidole kwenye upatikanaji wa vipimo na huduma, wakataja kwamba California ina mpango wa kuwafundisha madaktari wa watoto kuutambua usonji mapema, na vituo vya kikanda vinavyopima. Kwa maneno mengine, palipo na huduma ndipo watoto wanapoonekana. Mahali penye namba ndogo huenda ndipo penye njaa kubwa ya fedha, na anayegawa pesa kwa kufuata namba tu atawapelekea maji waliokwisha kunywa.

"Serikali haijawahi kuthubutu kuchunguza chanjo"

Imechunguza, na imelipia. Hofu ilianza na makala ya Andrew Wakefield na wenzake ya 1998, iliyohusu watoto 12, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Katikati ya hapo CDC na NIH zilifadhili kamati huru ya wataalamu, ambayo mwaka 2004 ilihitimisha kwamba ushahidi unakataa uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, na vilevile kihifadhi cha zebaki kilichokuwa kikitumika katika chanjo nyingine. Nje ya Marekani, watafiti wa Denmark walifuatilia watoto 657,461 na wakachapisha mwaka 2019: hakuna uhusiano. Kila dola inayorudi kuuliza swali hili kwa mara nyingine imetoka kwenye swali ambalo bado halina jibu.

"Mzazi anaweza kuomba ruzuku ya serikali kuu kwa ajili ya mwanawe"

Hili ndilo linaloumiza watu, maana lina matapeli wake. Simu inaita, au ujumbe unaingia: umechaguliwa kupata ruzuku ya serikali, tuma ada kidogo ya usindikaji, au tupe namba ya akaunti. Ni wizi. Serikali ya Marekani haimpigii mtu simu kumpa pesa ambazo hakuomba, na haitozi ada kutoa ruzuku. Tovuti ya Grants.gov, ambako ruzuku za serikali kuu hutangazwa na kuombwa, ni ya bure, na kujisajili SAM.gov, daftari la wanaotaka kupewa pesa hizo, ni bure. Ukiingia humo utakuta ruzuku za usonji zinaombwa na vyuo, hospitali, majimbo na mashirika. Familia haimo.

Njia za familia ni nyingine kabisa, wala haziitwi ruzuku. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu ana huduma za awali chini ya IDEA. Mzazi anaweza kupiga simu mwenyewe bila barua ya daktari, na kuchelewa kukua kunatosha kumfikisha hapo hata kabla neno usonji halijatamkwa. Kuanzia miaka mitatu, ni shule ya umma na mpango wa elimu wa mtoto binafsi, IEP. Familia yenye kipato kidogo inaweza kuomba SSI, posho ya serikali kuu kwa wenye ulemavu.

Kisha kuna Medicaid, bima ya umma, na hapa wazazi wengi huchanganya milango miwili. Mlango wa kwanza: mtoto aliye chini ya miaka 21 na mwenye Medicaid ana haki ya tiba yoyote ya lazima kiafya inayoangukia ndani ya bima hiyo, na mwongozo wa serikali kuu wa Julai 2014 ulifafanua kwamba usonji umo. Huku jimbo haliruhusiwi kumpanga mtoto foleni. Mlango wa pili ni mipango ya huduma za nyumbani na za jamii, ile inayoitwa weiva: msaidizi wa nyumbani, mapumziko kwa mlezi, msaada wa kazi kwa mtu mzima. Chimbuko lake ni 1981, pale kisa cha msichana wa Iowa, Katie Beckett, kilipomfikia Rais Ronald Reagan. Medicaid ilikuwa tayari kumlipia akiwa hospitalini, lakini si nyumbani, ambako gharama ingekuwa ndogo zaidi. Hakuwa na usonji, lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili yake ndio wanaopitia maelfu ya watu wenye usonji leo. Mingi ya mipango hii huangalia kipato cha mtoto, si cha wazazi, kwa hiyo familia iliyokataliwa Medicaid ya kawaida isikate tamaa mapema.

Mlango huu wa pili una foleni. Mwaka 2024 kulikuwa na zaidi ya watu 700,000 kwenye orodha za kungojea nchini kote, wengi wao wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji. Baadhi ya majimbo hayana orodha kabisa. Mengine mtu hungoja miaka. Ukihama jimbo, nafasi yako haihami nawe, unaanzia mkiani. Ndiyo maana wazazi wazoefu huandikisha jina siku ileile karatasi ya utambuzi inapotoka, hata kama mtoto ana miaka miwili na hahitaji msaidizi leo, kisha wanaihifadhi barua yenye tarehe ya kuandikishwa.