Unayeambiwa goti limeisha mafuta, soma hapa kwanza

Karibu kila wiki kuna mtu mzima anakaa mbele yangu, anashika goti kwa mikono miwili, ananiambia "daktari, mafuta yameisha". Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, hapa Dar wengi wanatuita watu wa mazoezi, na hayo maneno nimeyasikia mpaka nimeona niandike, maana mtu akishaamini goti lake limekauka kama bawaba ya mlango iliyokosa grisi anaanza kuhangaika kutafuta cha kulilainisha, na kile ambacho kingemsaidia kweli anakiacha.

Kuna mama wa miaka 61, anapika vitumbua na kuuza asubuhi. Alikuja na chupa ya nusu lita mkobani, ndani vipande vya bamia vimelala usiku kucha, maji yanavutika ukiyamimina. Alikuwa na miezi mitatu anakunywa. Na katika hiyo miezi mitatu sokoni hakwenda tena kwa miguu, maji anachotewa, wajukuu wanamwambia bibi wewe pumzika, na goti linazidi tu. Nikamlaza kitandani, nikachukua futi ya fundi cherehani nikapima paja, sentimita 10 juu ya pia ya goti, miguu yote miwili. Paja la goti bovu lilikuwa limepungua sentimita 3. Nikamuonyesha kwa kidole pale kwenye futi, nikamwambia mama, kilichopungua ni hiki hapa.

Sasa nieleze vizuri. Ndani ya goti kweli kuna ute, na kwenye ncha za mifupa kuna gegedu, ile nyama ngumu nyeupe inayoteleza kama unayoiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu haina mishipa ya damu, chakula chake inakipata kutoka kwenye ule ute, na inakipata kama sponji, ukikanyaga inakamuliwa, ukinyanyua mguu inanyonya tena. Kwa hiyo mtu anayelala wiki mbili kupumzisha goti analinyima chakula. Alafu goti lililovimba mara nyingi lina ute mwingi kupita kawaida, ndio maana kuna wakati daktari anauvuta kwa sindano, yaani yule anayelia mafuta yameisha saa ingine ndiye mwenye ute wa kumwaga. Bamia ni mboga nzuri, kula, ina nyuzinyuzi zinasaidia choo, lakini ule mlenda wake unaishia tumboni, hauna njia ya kufika gotini.

Kusagika kupo, siwezi kudanganya, gegedu inachakaa kadiri umri unavyoenda na picha ya eksirei itaonyesha. Ila nimeona watu picha zao mbaya kabisa wanatembea vizuri, na wengine picha nzuri hawawezi kushuka ngazi, na mara nyingi ukiwashika mapaja unaelewa kwa nini. Msuli wa mbele ya paja ndio unaopokea uzito kabla haujafika kwenye goti, ukilegea kila hatua inagonga mfupa.

Hebu jipime leo. Chukua kiti cha kawaida cha kulia chakula, kiegemeze ukutani kisiteleze, kaa, kunja mikono kifuani, mtu ashike simu ahesabu sekunde 30, simama wima kisha kaa, simama, kaa. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akiwa chini ya mara 12, mwanaume chini ya 14, miguu imeshaanza kukosa nguvu na hatari ya kuanguka inapanda. Yule mama alifanya 5.

Na dawa ndio kiti hicho hicho. Simama kwa kuhesabu mpaka mbili, kaa polepole kwa kuhesabu mpaka nne, usijidondoshe, kule kushuka taratibu ndiko kunakojenga. Mara 10, pumzika, rudia mpaka raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Ukishindwa weka mito miwili juu ya kiti ili usishuke sana. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayana shida kama kesho yake asubuhi yamerudi yalivyokuwa, ukiamka yamezidi basi punguza. Usitegemee wiki moja, jipe wiki sita mpaka nane. Na kama una kilo za ziada, kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Mkongojo nao, wengi wanaushika upande wa goti linalouma. Ushike mkono wa upande wa pili. Kwenye ngazi, kupanda anza na mguu mzima, kushuka anza na mgonjwa.

Mifupa nitasema kwa ufupi, nayo inataka kubebeshwa uzito, kutembea na hilo zoezi la kiti vinaisaidia. Kina mama baada ya hedhi kukoma mifupa inapungua haraka kwa miaka kadhaa, kwa hiyo dagaa wale wanaoliwa na miba yao, maziwa, mtindi, na jua kidogo, visikosekane.

Kinachoniuma kuliko vyote ni vidonge. Mtu anaingia duka la dawa anasema magoti, anapewa deksamethasoni au prednisoloni bila cheti, siku ya pili anaruka, anaona kapona, anarudi kununua mwaka mzima. Jamani, hizo ni steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, zina kazi yake daktari akizisimamia, lakini ukizimeza hivyo miezi na miezi zinakula mfupa, sukari inapanda, na nyonga inaweza kufa kwa kukosa damu. Nimempokea baba wa miaka 50 na kitu, alianza na goti akaishia na nyonga ya kubadilishwa. Na kama umeshazitumia muda mrefu usiache ghafla, nenda kwa daktari akupunguzie taratibu. Diklofenaki nayo, ile dawa ya maumivu, ukiimeza kila siku inachubua tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mwenye presha.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na una homa, usije kwangu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mgongo unaouma usiku huku unakonda na kutoka jasho, kapime, kifua kikuu kinaingia mpaka kwenye mifupa.

Yule mama alirudi baada ya miezi miwili, kiti mara 11, paja limerudisha sentimita moja na nusu. Tulikubaliana na jambo lingine, kile kigoda kifupi alichokuwa anakalia mbele ya jiko tangu saa kumi alfajiri akiweke pembeni. Mwanae kampandishia jiko juu ya matofali, sasa anapika kasimama, na kiti kirefu kiko nyuma yake.