Haki ya kupeperusha bendera: kitambaa ni chako, alama ni ya nani?

Haki ya kupeperusha bendera ni uhuru wa raia kuonyesha bendera ya nchi yake mahali anapotaka na kwa sababu aliyo nayo. Hapa Uganda mabishano huanza kwa kuwa bendera moja ni vitu viwili. Kitambaa ulichonunua kwa mchuuzi ni mali yako, na Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inalinda mali ya mtu. Lakini ile milia sita ya nyeusi, njano na nyekundu, na korongo wake katikati, ni alama ya taifa. Ina sheria yake, na Ibara ya 17 inamtaka kila raia aiheshimu.

Ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba ni mwepesi zaidi: ukuta si wa mpangaji, basi watazame mkataba. Marekani walitunga sheria, iliyotiwa saini 2006, inayozuia vyama vya wamiliki wa nyumba za mtaa mmoja kumkataza mwanachama kupeperusha bendera ya nchi nyumbani kwake. Hapo waligombana majirani tu.

Uzito uko pale raia anapoibeba bendera kuipinga serikali. Mwaka 2019 jeshi lilitangaza kofia nyekundu za bereti, zilizokuwa utambulisho wa wafuasi wa mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine, kuwa sare ya kijeshi; raia akivaa, ana kosa. Kuelekea uchaguzi wa Januari 2026, wafuasi hao wakajitokeza na bendera ya taifa. Nani angewaambia kwamba si yao? Hata hivyo mamlaka zilionya dhidi ya kuitumia ovyo. Mimi naona onyo hilo lina kasoro kubwa. Agosti 2025, wakati wa mashindano ya soka ya Afrika ya CHAN pale uwanja wa Namboole, mashabiki walijifunga bendera ileile mabegani na kujipaka rangi zake usoni, tukawaita wazalendo. Kama kujifunga bendera ni kuidharau, ni kuidharau uwanjani na kwenye mkutano wa siasa pia.

Tena bendera hii yenyewe ilizaliwa katika siasa. Mchoro uliopendekezwa wakati chama cha DP kikiongoza ulikataliwa baada ya chama pinzani cha UPC kushinda uchaguzi wa Aprili 1962, ukaja huu tulio nao, unaohesabiwa kuwa kazi ya mwanasiasa wa UPC Grace Ibingira. Ulipandishwa Oktoba 9 mwaka huohuo.

Je, serikali inaweza kuweka mipaka? Inaweza. Ibara ya 29 inatoa uhuru wa kujieleza na kuandamana kwa amani bila silaha, na Ibara ya 43 inaruhusu mipaka kwa maslahi ya umma, mradi isivuke kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Ibara hiyohiyo inasema maslahi ya umma si kisingizio cha kumtesa mtu kwa siasa zake.

Ukikamatwa na bendera mkononi, Ibara ya 23 inakupa haki ya kuambiwa sababu papo hapo, kwa lugha unayoielewa, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Uliza ni kifungu gani cha sheria umevunja.