Ganzi si damu kugoma kutembea: taa nyekundu na kisukari

Kuna sentensi ambayo nikiisikia tena kliniki nitavua koti nirudi zangu nyumbani: "Sista, damu ilikuwa haitembei miguuni, sasa nimenunua taa nyekundu, inatembea." Wiki hii nimeisikia mara tatu.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja mcheshi, aliyevua soksi kabla hata sijamwambia. "Gusa mguu huu, mwanangu. Si una joto?" Ulikuwa na joto kweli. Ulikuwa pia umevimba na kuiva wekundu, na yeye hasikii maumivu hata nikiubonyeza. Nikagusa mwenzake: wa kawaida kabisa. Nikamuuliza taa anamulika mguu upi. Yote miwili, kila jioni. Sasa taa gani hiyo inayopasha mguu mmoja?

Mtu mwenye ganzi ya kisukari akiwa na mguu mmoja wa moto, uliovimba, usiouma, mimi nauita mguu wa Charcot mpaka picha ya eksirei na daktari waseme vingine. Mifupa inavunjika humo ndani na mwenyewe anaikanyaga, kwa kuwa hana cha kumwambia aache. Unatakiwa kufungwa plasta na kutokanyagiwa siku hiyohiyo. Mzee wangu alikuwa na wiki tatu anashangilia joto.

Lugha yetu nayo inachangia. Mshipa wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, na ngiri nayo watu wanaiita mshipa. Kwa hiyo nikisema "mishipa imeharibika", mgonjwa anaondoka na picha ya bomba lililoziba. Ganzi inayoanzia vidoleni na kupanda miguu yote miwili kama soksi, mara nyingi ni mishipa ya fahamu, si bomba. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu kwanza ile mirefu zaidi, nayo ndiyo inayofika vidoleni.

Tena mishipa ya fahamu inayoamrisha jasho na upana wa mishipa ya damu nayo hufa. Hapo damu inapita njia za mkato chini ya ngozi, na mguu unakuwa wa joto, mkavu, una magaga, mapigo yake yanadunda vizuri tu. Mguu huo una damu tele, na ndio unaotoboka kidonda kwa jiwe dogo ndani ya kiatu. Kwa hiyo ukinionyesha joto, hujanionyesha uzima.

Je, mwanga haufanyi kitu? Unafanya. Mwanga mwekundu na wa infraredi (ule usioonekana kwa macho) unaweza kuachilia naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu, na mishipa midogo ya ngozi ikapanuka kwa muda. Lakini hisia? Mwaka 2008 jarida la Diabetes Care lilichapisha jaribio la watu 69 wenye ganzi ya kisukari. Wengine walipewa pedi za infraredi zinazofanya kazi, wengine za bandia, dakika 40 kila siku kwa siku 90, nyumbani kwao. Makundi hayo mawili hayakutofautiana. Na kama kweli bomba limeziba, yaani shavu la mguu linauma ukitembea na kutulia ukisimama, mguu ni wa baridi na mapigo hayashikiki, hiyo ni kazi ya Doppler, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachosikiliza damu ikipita, na daktari wa mishipa ya damu. Taa haizibui.

Inaunguza, lakini. Taa ya kupasha joto ikiwekwa karibu na unyayo usiosikia, malengelenge utayaona kesho yake. Ndiyo maana mimi siulizi bei ya taa, nauliza viatu viko wapi. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, kila siku, hata kama umekivua nusu saa iliyopita. Unyayo tazama kwa kioo, au mwite mjukuu akutazamie.

Mengine nayamaliza haraka.

"Utafiti wa London umethibitisha taa inashusha sukari." Nimeulizwa sana. Utafiti upo, wa 2024: watu 30, na wale waliomulikwa mgongoni dakika 15 kwa mwanga wa nanomita 670 kabla ya kunywa glukosi sukari yao ilipanda kidogo kuliko wenzao. Wote walikuwa wazima. Hakuna mgonjwa wa kisukari hata mmoja, na ilikuwa glasi moja, si HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu.

"Saa ya leza imenishusha sukari kutoka 9 hadi 8." Mashine ya kidoleni inaruhusiwa kupishana na maabara kwa asilimia 15. Hiyo tofauti yako inaenea humo ndani, bila saa. Rudia kumeza metfomini, dawa yako ya sukari.

"Jua la asubuhi linatosha, lina vitamini D." Ota jua, zuri. Lakini mwaka 2019 jaribio la Marekani liliwapa vitamini D watu zaidi ya 2,400 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, na haikuonekana wazi kwamba iliwakinga. Asubuhi hiyohiyo tembea, misuli inafyonza sukari.

Halafu lile la kuchekesha: mama anayevaa leza mkononi "kusafisha damu" ndiye anayekataa leza ya macho kwa kuogopa itampofusha. Hiyo ya macho ndiyo yenye ushahidi, tangu miaka ya 1970, kwamba inapunguza upofu wa kisukari kwa nusu au zaidi. Ila inalinda uoni uliobaki, hairudishi uliokwenda. Kwa hiyo mama, tarehe ya macho iliyo kwenye kadi yako ni ya kwenda ukiwa bado unaona vizuri.