Geuza bakuli, lakini usisome muhuri

Wiki jana mama mmoja wa Milimani, hapa Kisumu, alinijia na bakuli la buluu na nyeupe alilolivingirisha kwa leso mbili. Hata hajaketi, akaligeuza. "Mwalimu, jisomee. Muhuri wa mfalme wa Uchina."

Miaka yote niliyohifadhi sanaa ya Asia kwenye makumbusho, hakuna lililonichosha kama imani hii kwamba herufi za chini ya chombo ni cheti chake cha kuzaliwa. Herufi sita za bakuli lile zilitaja enzi ya Chenghua ya nasaba ya Ming, yaani 1465 hadi 1487. Sawa. Lakini wafinyanzi wa Jingdezhen, mji wa kauri wa Uchina, waliokuja miaka 200 baadaye waliandika jina hilohilo kwenye kazi zao. Mwaka 1677 ofisa wa pale aliwakataza hata kuandika jina la mfalme wao, Kangxi, maana chombo kikivunjika jina tukufu litaishia jalalani. Wakarudi kwa wafalme waliokwisha kufa. Wajapani nao wakaiga, na viwanda vya leo vinaiga bado.

Mimi napitisha kidole kwenye ukingo wa kitako, pale pasipo na tabaka la kung'aa, nione udongo wenyewe na mikwaruzo ya kuburutwa mezani. Kisha kioo cha kukuzia. Nilimpa mama aangalie ua la buluu: lilikuwa vitone vidogo vidogo, kama picha ya gazeti. Brashi haiachi vitone. Lile ua limechapwa kiwandani. Alinyamaza, akafunga leso zake moja moja.

Wengine hutaka bei. Sitoi. Makumbusho yangu yakitaka kukinunua kitu hicho kesho, nitakuwa nimejipangia bei mwenyewe.

Vijana nao huniuliza sanaa ya Asia inamhusu nini mtu wa Nyanza. Kauri za Kichina zimefukuliwa kwenye magofu ya Gedi, huko pwani, na reli ilipofika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, ilikuwa imejengwa na maelfu ya vibarua kutoka India. Anayetaka kazi hii aanze na lugha, Kichina au Kihindi, historia itafuata. Na ajifunze kubeba sahani kwa mikono miwili. Simwajiri mtu anayeshika birika kwa kishikio chake.

Halafu limau na majivu! Eti shaba lazima ing'ae. Kila ukisugua, unaondoa shaba yenyewe. Mzee mmoja aliniletea lota, chombo cha maji cha Kihindi, inayometameta kama sufuria mpya. Familia nyingi za Kihindi zilichonga jina la mwenyewe kwenye shingo ya chombo. Nikaiinamisha dirishani nipate mwanga wa ubavuni: zilikuwa zimebaki herufi tatu.